Sh 29,711 kila mwezi: tathmini yangu ya huduma ya filamu, duka la TV na dawati la kadi

Mstari wenyewe ulikuwa hivi: herufi nne kubwa, alama ya nyota, rundo la tarakimu, halafu jina la mji wa Ulaya lililokatwa katikati. Mbele yake Sh 29,711. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Bagamoyo, vyumba vichache na sebule moja kubwa, na taarifa ya akaunti ya biashara naipitia mwenyewe kila mwisho wa mwezi, kalamu mkononi. Umeme, maji, samaki, dobi, mishahara ya wasichana wawili wanaonisaidia, vyote navijua. Mstari huu sikuujua, na nilipofungua taarifa za miezi ya nyuma nikaukuta tena.

Huduma za filamu mtandaoni watu huzipima kwa wingi wa tamthilia, ubora wa picha na kasi ya intaneti inayohitajika. Mimi nina kipimo kinachotangulia hivyo vyote. Huduma inayojikatia pesa kila mwezi naipima kwa mstari inaouacha benki: mwenye kadi akiusoma, atajua nani kachukua, amechukua kwa ajili ya nini, na pa kumzuia ni wapi? Kwa kipimo hicho nimewapima watatu waliohusika na shilingi zangu, yaani huduma ya filamu yenyewe, duka la programu lililomo ndani ya televisheni, na benki. Majina yao siyataji. Aliyekatwa kama mimi atawatambua kwa tabia.

Kwanza nieleze kwa nini mistari hii haisomeki, maana si siri ya kitaalamu. Kwenye mifumo ya kadi nafasi ya kuandika jina la muuzaji ni finyu, herufi ishirini na kidogo tu, na ndani yake hutakiwa kuenea jina, namba ya huduma kwa wateja au anwani ya tovuti. Kampuni ndiyo inayochagua cha kuandika. Wapo wanaoandika jina la programu unayoiona kwenye skrini, na wapo wanaoandika jina la kampuni mama ambayo hujawahi kuisikia. Nyota katikati mara nyingi ina maana kwamba anayekusanya pesa ni mmoja na anayeuza ni mwingine. Google, kwa mfano, huandika jina lake, nyota, kisha jina la bidhaa, na huo naona ni uungwana. Apple huandika APPLE.COM/BILL kwa karibu kila kitu, uwe muziki, hifadhi ya picha au programu ya filamu ya kampuni nyingine kabisa, kwa hiyo mstari unakuonyesha mlango lakini chumba utakitafuta mwenyewe. PayPal nayo hutanguliza jina lake na nyota. Mji ulioandikwa mwishoni nao usikutishe. Ni pale kampuni iliposajili biashara yake: Netflix hutoza nchi nyingi kupitia kampuni yake ya Amsterdam, Apple ina ofisi yake ya Ulaya Cork, Ireland, na Spotify ni ya Stockholm. Kuona mji wa Uholanzi kwenye taarifa ya benki ya Bagamoyo peke yake hakuthibitishi wizi.

Mstari wangu haukuwa wa yeyote kati ya hao. Nikaanza na hesabu.

Machi nilikatwa 29,711, Aprili 30,182, Mei 29,357. Ukizitazama harakaharaka utadhani ni manunuzi matatu tofauti. Benki yangu huweka kwenye tovuti bei ya kuuzia dola kwa kila siku, basi nikachukua bei za siku zile, 2,520, 2,560 na 2,490, nikagawa. Zote tatu zikatoka dola 11.79. (Benki nyingine huongeza asilimia fulani juu ya bei hiyo kwa miamala ya kadi, kwa hiyo hesabu yako inaweza kupishana kidogo. Muhimu ni kwamba mistari yote ipishane kwa kiasi kilekile.) Kilichokuwa kinacheza ni shilingi. Bei yenyewe ilikuwa moja.

Halafu, kwa nini 11.79? Bei za huduma hizi hupenda kuishia na senti 99. Nikagawa kwa 1.18, ikaja 9.99. Tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali kwa watu wa Tanzania zinatakiwa kujisajili TRA, mamlaka yetu ya mapato, na kutoza VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Kwa hiyo aliyekuwa ananikata alikuwa anatangaza bei ya dola 9.99 na kuongeza kodi yetu juu yake. Hapo moyo ulitulia kiasi. Mwizi wa kadi kwa kawaida hakati kiasi kilekile kila mwezi, na wala hajisumbui na VAT. Mwizi huanza na kiasi kidogo cha kujaribu, kisha hurudi haraka na kikubwa, mara nyingine mara kadhaa siku moja. Ukiona sura hiyo kwenye taarifa yako acha hesabu zote, funga kadi kwanza.

Tarehe nazo zilisema. Taarifa ina safu mbili, siku muamala ulipofanyika na siku ulipoingia kwenye akaunti, na watu wengi husoma ya pili ambayo huchelewa siku mbili tatu, hasa pakiwa na wikiendi. Nilisoma ya kwanza: tarehe 7 kila mwezi. Anayekata tarehe ileile kila mwezi ni usajili, na tarehe hiyo ndiyo kumbukumbu ya siku ulipoanza kulipiwa.

Nikapiga namba ya huduma kwa wateja ya benki. Hapa ndipo malalamiko yangu kwa benki yalipo. Aliyepokea hakutaka kusikia hesabu wala tarehe. Alisema, "Mama, hayo ni makato ya mtandaoni, tufunge kadi utoe nyingine," na kadi nyingine inalipiwa. Kwa mtu wa simu jibu ni moja kwa kila tatizo. Nilishukuru, nikakata, nikaenda tawini.

Dawati la kadi tawini lilinihudumia kijana ambaye ningependa benki zote zimwige.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kumjua huyu anayekula kwangu kila tarehe saba."

Hakukimbilia kufunga. Alifungua muamala kwenye kompyuta yake, ambako wanaona zaidi ya tunachochapishiwa sisi. Aliniambia mambo matatu ambayo kila mteja ana haki ya kuyauliza, na mengi yao hatuyaulizi kwa kutojua kwamba yapo. La kwanza ni jina kamili la aliyetoza, ambalo kwenye taarifa lilikatwa: lilikuwa duka la programu la televisheni. La pili ni namba ya aina ya biashara. Kila muuzaji anayepokea malipo ya kadi duniani amepangiwa namba ya tarakimu nne; 4899 ni televisheni za kulipia, 5968 ni biashara za usajili, na ya kwangu ilikuwa 5815, ambayo ni filamu, vitabu na muziki wa kidijitali. La tatu, muamala ulikuwa umewekewa alama ya malipo ya kujirudia, yaani kadi ilihifadhiwa mahali na ikapewa ruhusa ya kukatwa tena na tena. Akaniandikia pia namba ya kumbukumbu ya muamala, ile ndefu ya tarakimu 23, akasema nikihitaji kudai, wao na muuzaji wataongea kwa namba hiyo.

Nikamwuliza kuhusu ushauri wa simu. Akacheka kidogo, akasema, "Mama, kadi mpya inaweza isikusaidie." Visa na Mastercard wana huduma ya kuwapelekea wauzaji taarifa za kadi mpya pale benki inapobadilisha ya zamani, ili usajili wa wateja usikatike. Benki ikiwa imejiunga na huduma hiyo, unaweza kulipia kadi mpya, ukarudi nyumbani umeridhika, na tarehe 7 ukakatwa kama kawaida. Usajili huzimwa ulikowashwa. Hilo peke yake lilitosha nisamehe muda wa foleni.

Sasa nilijua ni televisheni. Sebuleni nina televisheni kubwa inayoshika intaneti, na kadi ya biashara imo ndani yake kwa sababu ninalipia humo huduma moja ya muziki ambao wageni wanaupenda jioni. Ligi yetu wanaangalia kwa king'amuzi cha Azam, hicho nalipa kwa simu na hakijawahi kunichanganya. Makato ya kwanza yalikuwa tarehe 7 Machi. Huduma nyingi huanza na siku saba za majaribio ya bure. Toa saba, unafika tarehe 28 Februari.

Nyumba ya wageni ina kitabu cha wageni, na mimi kitabu changu nakitunza kuliko vyombo. Tarehe 28 Februari ilikuwa familia kutoka Dar, baba, mama na watoto watatu, walikuja kwa wikiendi. Joto la mchana lilikuwa kali, watu wazima walikuwa wamekwenda kuangalia magofu ya Kaole, na watoto walibaki na dada yao mkubwa sebuleni penye kiyoyozi. Nilimpigia mama yao.

"Dada, sikupigii kudai. Nataka tu kujua siku ile watoto waliangalia nini kwenye TV."

Akamwita mtoto. Mtoto akakumbuka vizuri kabisa: katuni, ile iliyoandikwa bure. Rimoti ya televisheni yangu ina kitufe chenye nembo ya huduma hiyo, ukikibonyeza inafunguka, inakuambia siku 7 bure, unabonyeza tena, basi. Hakuna namba ya siri iliyoulizwa. Kadi ilikuwa imeshahifadhiwa. Mtoto wa miaka tisa alifungua usajili wa dola 11.79 kwa mwezi kwa kubonyeza mara mbili, na kwenye mfumo wao hiyo ni idhini ya mwenye kadi.

Hapa ndipo naipa huduma ya filamu alama ya chini kabisa. Siyo kwa katuni, maana nimeziona, ni nzuri, na nyingine zina sauti za Kiswahili zilizofanywa kwa heshima. Naipa chini kwa sababu imejenga mlango mpana sana wa kuingilia na haikujishughulisha kujua anayeingia ni nani. Tangu Aprili 2020 Visa ina masharti kwa wauzaji wanaotoa majaribio ya bure: mteja akubali waziwazi, akumbushwe angalau siku saba kabla ya kuanza kukatwa pale majaribio yanapoisha au bei inapobadilika, apewe risiti, na muamala wa kwanza baada ya majaribio uonyeshe kwenye taarifa kwamba unatokana na majaribio. Mstari wangu wa Machi haukuwa na neno lolote la namna hiyo.

Risiti ilikuwepo, na hiki ndicho kilichonisumbua kuliko vyote. Fundi aliyeifunga televisheni alifungua akaunti ya duka kwa barua pepe yake mwenyewe, kama wafanyavyo mafundi wengi ili kumaliza kazi haraka. Risiti za kila mwezi, kikumbusho cha mwisho wa majaribio, vyote vilikuwa vinaingia kwake, katikati ya mamia ya barua za televisheni za watu wengine. Nilimpigia, "Kaka, tafuta jina la duka kwenye barua zako za tarehe 7 Machi." Jioni akanitumia. Kulikuwa na jina la huduma, kiasi cha dola 9.99, VAT 1.80, namba ya oda, tarakimu nne za mwisho za kadi yangu. Kila nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kimeandikwa vizuri kabisa, kwenye simu ya mtu mwingine. Kwa hiyo kama televisheni yako ilifungwa na fundi, fungua sehemu ya akaunti kwenye mipangilio leo usome ni barua pepe ya nani iliyomo.

Kuzima ilikuwa kazi nyingine. Nilianza na huduma ya filamu kwa sababu ndiyo iliyokuwa inakula. Kwenye tovuti yao kuna dirisha la mazungumzo, la Kiingereza, na anayekujibu mwanzoni ni mashine. Nilipofika kwa binadamu aliniambia kwamba wao hawana akaunti yangu, kwa kuwa nimejiunga kupitia mshirika, nimwendee mshirika. Jibu ni sahihi kimkataba, na kwa mteja ni kama kufungiwa mlango. Mtu anayetazama filamu zenu ni mteja wenu, hata kama pesa imepita mkono wa pili. Wangeweza angalau kumwambia mteja aende ukurasa gani.

Duka la televisheni, kwa upande wake, lilinishangaza kwa wema. Baada ya fundi kubadilisha barua pepe ikawa yangu, niliona orodha ya usajili wote, kila mmoja na bei yake, tarehe ya makato yajayo na kitufe cha kusitisha. Nilibonyeza, likaniuliza mara moja kama nina uhakika, likazima, na barua ya kuthibitisha ikaja hapohapo. Kuna jambo watu hulikosea sana hapa, na kwa wageni wangu nimelisikia mara nyingi: kufuta programu kwenye televisheni au simu hakusitishi usajili. Kutoka kwenye akaunti hakusitishi. Hata kadi kuishiwa salio hakusitishi papo hapo. Mfumo hujaribu kukata tena siku zinazofuata, na ukiweka pesa inachukua. Hadi upate barua inayosema usajili umesitishwa na tarehe utakapoishia, bado upo ndani.

Niliomba kurudishiwa miezi yote mitatu. Duka walinirudishia mmoja, wa Mei, kwa sababu ndio uliokuwa ndani ya muda wanaoruhusu. Zilirudi 28,768, pungufu ya shilingi 589 kwa nilizokatwa. Sikuibiwa: nilikatwa kwa bei ya kuuzia dola, nikarudishiwa kwa bei ya kununulia, 2,440. Nalitaja kwa sababu msichana wangu wa mapokezi alidhani wamekosea, na wengine watadhani hivyo pia.

Kwa Machi na Aprili nilirudi kwa yule kijana wa benki kuuliza kuhusu kupinga miamala. Alinieleza bila kunizungusha. Kwa kawaida mitandao ya kadi inaruhusu benki kupinga muamala ndani ya siku 120, lakini lazima kuwe na sababu inayoendana na ukweli. Ipo sababu ya usajili uliositishwa kisha ukaendelea kukatwa, na ipo ya mtu asiyehusika kutumia kadi yako. Changu hakikuwa kimojawapo: usajili ulifanyika kwenye televisheni yangu, kwa kadi niliyoihifadhi, na sikuwa nimesitisha kabla ya makato yale. Nikidai kwamba ni wizi, muuzaji ataleta kumbukumbu za kifaa na nitashindwa, na duka linaweza kufunga akaunti nzima pamoja na muziki wa jioni. Angeweza kunijazia fomu tu ili niondoke. Aliniambia ukweli, nikaacha. Mwenye sababu halali ambaye benki yake inampiga chenga asikate tamaa: kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki ipokee na ishughulikie malalamiko, na ukishindwana nayo Benki Kuu yenyewe inapokea.

Neno moja kwa watakaotafuta msaada mtandaoni wakiona mstari wasioujua. Usiandike jina la huduma pamoja na "namba ya huduma kwa wateja" kisha ukapiga namba ya kwanza inayotokea. Matapeli huweka namba zao hapo, na swali lao la kwanza ni tarakimu za kadi na namba ya siri inayokuja kwa meseji. Fungua programu yenyewe au tovuti kwa kuandika anwani kwa mkono wako, au nenda tawini.

Sasa sebuleni pamebadilika hivi. Duka la televisheni linadai namba ya siri ya tarakimu nne kabla ya manunuzi yoyote, hata ya bure, na namba hiyo ninayo mimi na msichana wa mapokezi. Barua pepe ni ya nyumba, inafunguka kwenye simu yangu. Kadi ya biashara nimeitoa humo. Badala yake nimeweka kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, zile zinazotolewa na mitandao yetu ya simu, ambayo naijaza kiasi cha muziki na si zaidi. Na kwenye daftari la matumizi nimeongeza ukurasa wa usajili: jina la huduma, jina inaloandika benki, bei kwa dola pamoja na VAT, tarehe ya kukatwa, na inazimwa wapi.

Familia ile ya Dar wamerudi mwezi uliopita. Watoto waliuliza katuni zao, nikawafungulia mwenyewe kwa mwezi mmoja, kwa bei ileile ya dola 11.79, nikasitisha siku hiyohiyo niliyolipa. Waliangalia wikiendi nzima, na mwezi huu tarehe ya makato imepita bila mstari wowote.